Kenya imepata karte ya hoki, lakini barafu ni ya hoteli

KATANA (Kabare) – Mwezi wa tisa 2024, Kenya iliingia kwenye federasyo ya kimataifa ya hoki ya barafu, ile inayoitwa IIHF, iliyoanzishwa Paris tangu 1908. Kwetu habari ilipita mbio, watu wakacheka kidogo, basi. Hoki ya barafu, tena Kenya, karibu kabisa na ekweta! Lakini mutu anayeshinda ndani ya shimo na karte ya uchimbaji mufukoni afazali aisikilize hii habari mpaka mwisho. Kuna kitu ndani yake anachokijua vizuri.

Kwa wale ambao hawajauona huo muchezo: ni wachezaji sita kila upande, mumoja wao golikipa. Wanavaa viatu vyenye kisu chini, patini, na wanasukuma kwa fimbo kipande cha kauchu cheusi, kigumu sawa jiwe, kinachoenea kwenye kiganja. Kwa wakubwa wa dunia, hicho kipande kinaweza kupita kilometa 150 kwa saa. Mechi iko na vipindi vitatu vya dakika 20. Hakuna anayeingia bila kasike kichwani, na magoti, mabega na mikono vimefunikwa. (Kwetu watu wanashuka chini ya udongo na kandambili na toshi ya kichwa, tuache hiyo kwa siku ingine.)

Kiwanja chenyewe, kwa kipimo cha kimataifa, kinafika mita 60 kwa 30. Na hapa njo mambo inaanza.

Nairobi barafu iko moja tu ya kuhesabu. Iko ndani ya hoteli Panari, kwenye barabara ya Mombasa, na ilifunguliwa 2005. Ilitengenezwa kwa wageni na familia zenye kutafuta kujifurahisha, watoto wa kuteleza na kuanguka na kucheka. Haikutengenezwa kwa mechi, na ni ndogo sana mbele ya kile kipimo cha mita 60. Vijana wa kwanza, wengi wao walikuwa wamezoea patini za magurudumu kwenye goudron ya muji, wakaingia humo, wakajifunza pole pole, na wageni wa Kanada na Marekani waliokuwa wanakaa Nairobi wakacheza nao. Kati ya waliowafundisha iko Mukanada Tim Colby. Ekipe ikajiita Ice Lions, maana yake Simba wa Barafu. Vyombo karibu vyote vilikuwa vya kupewa. Na shida kubwa haikuwa hata vyombo: hawakuwa na mutu wa kucheza naye. Ekipe moja, inchi muzima. Wanagawanyika, wanachezana wao kwa wao, wiki ingine vile vile.

2018, Tim Hortons, kompani ya Kanada yenye kuuza kahawa, ikawasafirisha watu kumi na wawili mpaka Kanada. Kule wakapewa vyombo vipya, wakacheza mechi yao ya kwanza na ekipe ingine. Mbele ya mechi, mulango wa chumba cha kuvalia ukafunguka, wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina makubwa kabisa ya huo muchezo, wamevaa maillot ya Kenya. Ni kama wewe uko unafunga viatu pale Katana na Mbappé anaikala pembeni yako. Filamu ilitengenezwa, dunia ikaiona, watu wakalia machozi. Kahawa pia iliuzwa, hakuna kificho.

Sisi hatusemi ile safari ilikuwa mubaya. Wale vijana waliifurahia na walistahili. Lakini tuangalie kilichobaki ndege ilipowarudisha Nairobi: barafu ilikuwa ile ile, ndogo ile ile, na mwenyewe yule yule. Filamu haikuongeza hata mita moja.

Fikirini OC Muungano na Bukavu Dawa, halafu kiwanja cha Concorde pale Kadutu kiwe cha hoteli. Kila mazoezi ni kuomba saa na kulipa. Siku hoteli inaona faida imepunguka, inazima mashini, barafu inakuwa maji, na ekipe ya taifa haina tena kwao. Hakuna aliyevunja sheria. Ni mali yake.

Mulioko kwenye makare mumekwisha kuelewa tunaenda wapi. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamutaka muchimbaji mudogo awe na karte, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa, na achimbe ndani ya ZEA tu. Karte unaweza kuipata: unalipa, unapewa, jina lako limeandikwa. Koperative mutaitengeneza. ZEA sasa? Watu wengi wako na karte safi na wanachimba kwenye fasi iliyokwisha kupewa kompani, juu hakuna fasi ingine yenye mawe karibu. Siku mwenye kibali anakuja, karte haisemi kitu. Na mwezi wa saba 2024, wakati gouverneur Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji katika Sud-Kivu yote kwa sababu ya fujo, mwenye karte na asiye na karte wote walirudi nyumbani kuangaliana na watoto.

Kenya iko hapo hapo. Imepewa kiti cha memba mushiriki, si memba kamili. Mbele yake katika Afrika waliingia Afrika Kusini, Maroko, Algeria na Tunisia. Afrika Kusini imo tangu 1937, inakaribia miaka 90, na ingali inacheza kwenye madaraja ya chini ya mashindano ya dunia. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba kuingia ni kitu kimoja, kupanda ni kitu kingine.

Kuna wanaosema: hata bila barafu unaweza kushinda. Wanataja Jamaika. Kweli, Jamaika ni memba mushiriki tangu 2012, haina kiwanja cha barafu hata kimoja kisiwani, na 2019 ilibeba kombe la LATAM kule Florida. Lakini walioshinda walikuwa watoto wa Jamaika waliokomalia Kanada na Marekani, kwenye barafu ya wengine. Kombe lilikuwa la Jamaika, mutoto wa Kingston hakuteleza hata siku moja. Kenya imechagua njia ingine, ya watu wanaojifunzia nyumbani, na kwetu sisi hiyo njo inapendeza zaidi, hata kama inaenda polepole. Pale Panari kuna sasa wasichana na watoto wadogo wanaojifunza, si wanaume wakubwa peke yao.

Tena tusizarau karatasi. Mbele ya 2024, Ice Lions walikuwa watu wenye kupenda muchezo, wenye kuombaomba. Leo wako na federasyo ya dunia inayowajua kwa jina, inayoweza kuwatumia walimu, kuwaita kwenye mashindano, na kumuuliza waziri wa michezo wa Nairobi: kiwanja iko wapi? Karte njo inakupa haki ya kuuliza hivyo. Mutu asiye na karte akiuliza ZEA iko wapi, anafukuzwa mbele ya kumaliza maneno.

Kwa hiyo tusihesabu mabao ya Kenya sasa. Tuhesabu viwanja. Barafu ya kipimo cha kimataifa inataka umeme usiokatika usiku na muchana, mashini za kugandisha, na mutu wa kuzichunga. Ni makuta mingi kwa inchi yenye njaa zingine. Kama serikali ya Kenya ao mutu mwenye uwezo atajenga kimoja, hata kimoja, hawa watu watakaribisha wageni kwao mara ya kwanza na mechi itachezwa kamili. Kama hakuna anayejenga, wataendelea kupanda ndege kila mara wanapotaka kucheza, na tikiti itategemea roho nzuri ya mutu mwingine.

Kwa leo mazoezi iko Panari, saa ile hoteli inawaachia.