*PESA ZA GESI ZIMEGEUKA KUWA NINI?*



Kila kikao tunauliza: pesa za gesi ziko wapi? Swali ni halali, ila mimi naongeza la pili: zimegeuka kuwa nini?

Kilwa yetu ina mali za aina mbili. Ya kwanza hurudi. Wavuvi wakifunga mwamba miezi michache, pweza hukua upesi na mavuno yanapanda. Mpingo unachelewa, huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa, lakini ukivunwa kwa mpango msitu unabaki. Wenzetu wa Kikole na Kisangi walipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa kazi hiyo mwaka 2009.

Ya pili hairudi. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam. Iliyokwisha kupita kwenye bomba imekwenda, hata tufunge visima miaka 100.

Kwa lugha ya hesabu, mavuno ya pweza ni faida, gesi ni mtaji. Mwenye duka akiuza jokofu anunue chakula, mwezi huo atakula vizuri, lakini hakupata faida. Amepunguza duka.

Kwa hiyo ushuru wa huduma unaoingia halmashauri kutokana na gesi usiishie kwenye posho, semina na mafuta ya magari. Uwe darasa, zahanati, mradi wa maji: kitu ambacho wajukuu watakikuta.

Wapo watakaosema halmashauri ina mahitaji ya leo. Ni kweli. Lakini matumizi ya kila siku yabebwe na mapato yanayorudi kila msimu: ufuta, korosho, samaki, masoko. Tukiyaegemeza kwenye gesi, siku ikipungua tutabaki na madeni, na bahari tutaivua hadi vifaranga.

*Pendekezo langu kwa mkutano ujao wa tawi:* tumwagize diwani wetu aombe kwenye baraza taarifa ya kila mwaka yenye safu mbili tu: kiasi kilichopokelewa kutokana na gesi, na mali ya kudumu iliyopatikana. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote.

Njooni na hoja, hata za kupinga.

Katibu wa Tawi