Kompyuta ya bei chee inaweza kukutoa jasho: Piga hesabu ya umeme kabla hujalipa

Unataka kufungua steshenari Enguserosambu, wilayani Ngorongoro. Umeona Arusha kompyuta ya mezani ya mtumba, bei yake nusu ya kompyuta mpakato. Unalipa, unapakia kwenye basi, safari ya Loliondo inaanza.

Subiri kwanza. Kwenye bei hiyo umeme haumo.

Umeme umeongezeka, uniti bado ni hela

Serikali inasema umeme umefika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi sasa imehamia vitongojini. Bwawa la Julius Nyerere nalo lina mashine tisa za jumla ya megawati 2,115. Kwa Ngorongoro hiyo ni habari kubwa, maana Loliondo iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO.

Lakini mfanyabiashara mdogo bado ananunua LUKU kwa takriban Sh356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Na kama nguzo hazijafika kitongojini kwako, umeme wako ni sola au jenereta.

Hesabu ndiyo hii

Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake inaweza kula kama wati 120. Mpakato ni kama wati 40. Ukifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ya mezani inamaliza uniti 25 hivi kwa mwezi. Mpakato haifiki hata 9.

Kwa mwaka, ya mezani itakula karibu Sh107,000, mpakato kama Sh35,500. Miaka minne ikipita, tofauti inazidi Sh280,000. Ile nafuu uliyoipata dukani Arusha imeliwa kidogo kidogo kwenye LUKU.

Kwenye sola inauma zaidi

Hapa unalipa kabla hata hujawasha. Kwa saa hizo 8, mpakato itatosheka na paneli ya wati 100 na betri moja ya maji ya Ah 100. Ya mezani inataka paneli za karibu wati 280, na betri mbili kama unataka akiba ya siku moja ya mawingu. Betri hizo zikichoka, unanunua tena mbili.

Printa nayo ni mtego. Printa ya tona inapopasha moto inaweza kuvuta wati 500 hadi 1,000 kwa mkupuo, na inveta ndogo inajizima. Printa ya wino wa tangi hutumia wati 10 hadi 20 tu ikichapa.

Jenereta? Inakunywa petroli hata ukiwasha kompyuta moja tu. Na kwenye bei kikomo za EWURA za kila mwezi, petroli ya Loliondo huwa juu kuliko ya Arusha mjini.

Anayeumia ni nani?

Si mwenye duka peke yake. Kijana anayeomba mkopo wa HESLB anatakiwa kuchapa fomu, isainiwe, kisha ipandishwe mtandaoni kabla ya tarehe ya mwisho. Umeme ukikatika, ya mezani inazima palepale na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea. Mpakato inaendelea kwa betri yake. Kwa kijana huyo, saa mbili hizo zinaweza kuwa mwaka mzima wa chuo.

Je, ya mezani haifai kabisa?

Inafaa. Fundi anaifungua kirahisi, na spea zake ni rahisi kupata. Kama una umeme wa gridi na unaiwasha saa mbili tu kwa siku, tofauti ni kama Sh18,000 kwa mwaka. Hapo chukua ya bei chee bila wasiwasi.

Fanya hivi kabla hujalipa

Soma kibandiko cha chaja au cha mashine. Zidisha volti kwa ampea za upande wa kutolea umeme, utapata wati za juu kabisa. Zidisha kwa saa utakazotumia, gawanya kwa 1,000: hizo ndizo uniti za siku. Kama ni sola, mpelekee fundi wako namba hiyo kabla ya kununua mashine.

Shule, zahanati na ofisi za kata zifanye hivyohivyo. Mashine inanunuliwa mara moja, umeme wake unalipiwa kila siku inapowashwa.