Akili unde madukani: Kinga ya mnunuzi ni uwezo wa kukataa

KAMPUNI kubwa za teknolojia zimo mbioni kumpa mnunuzi msaidizi wa akili unde wa kumtafutia bidhaa, kumlinganishia bei na hata kumlipia. Hata hivyo, katika pilkapilka hizo kuna swali ambalo halijapewa uzito unaostahili: msaidizi huyo ni mtumishi wa nani, mnunuzi au mwenye duka?

Mnamo Februari 2024, Amazon ilianza kuwajaribishia wateja wa Marekani Rufus, msaidizi anayejibu maswali ya mnunuzi ndani ya programu yake ya simu. Septemba 2025, OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, ilizindua mpango wa kuwawezesha Wamarekani kununua bidhaa za wauzaji wa Etsy bila kutoka katika mazungumzo yao na mashine.

Mvuto wa huduma hizo ni dhahiri. Badala ya kupekua mamia ya picha, mzazi anaeleza tu anachotaka: viatu vya shule vya mtoto wa miaka tisa, vinavyostahimili matope, visivyozidi Sh2,000. Mashine inamletea jozi tatu au nne.

Hapo ndipo kazi ya msanifu wa programu inapokuwa nzito. Katika duka la kawaida la mtandaoni, mnunuzi huona orodha ndefu na anaweza kuteremka hadi ukurasa wa tano akitafuta cha bei nafuu. Msaidizi anapoleta jozi tatu, nyingine zote zimekwisha kuchujwa kabla mnunuzi hajazitia machoni, na kigezo kilichotumika hakionekani popote kwenye skrini.

Iwapo mojawapo ya jozi hizo imelipiwa na muuzaji ili itangulie, na skrini haisemi hivyo, mnunuzi atapokea tangazo akidhani ni ushauri.

Mtego wa pili umo katika wepesi wenyewe. Mwaka wa 1999, Amazon ilipata hataza ya Marekani ya kununua kwa kubofya mara moja, hataza iliyofikia kikomo mwaka wa 2017. Wasanifu wengi wa maduka ya mtandaoni wamezoea kuhesabu kila hatua inayomsimamisha mnunuzi kuwa hasara, kwa kuwa anayesimama huenda akabadili nia. Akili unde inaweza kuondoa hata mbofyo huo mmoja uliobaki.

Lakini wepesi huo aghalabu huelekea upande mmoja. Juni 2023, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliishtaki Amazon ikidai kuwa iliwaingiza watu katika uanachama wa Prime bila ridhaa yao kamili, kisha ikawawekea vikwazo walipotaka kujiondoa.

Kwa mujibu wa mashtaka hayo, anayejiondoa alilazimika kupitia kurasa nne, mibofyo sita na chaguo 15. Ndani ya kampuni, utaratibu huo ulipewa jina la Iliad, utenzi mrefu wa Wagiriki wa kale kuhusu vita vya Troy. Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola 2.5 bilioni, zikiwemo dola 1.5 bilioni za kurejeshewa wateja, bila kukiri kosa.

Kesi hiyo haikuhusu akili unde, bali mpangilio wa vitufe na kurasa. Ikiwa kitufe kisichosema kinaweza kulalamikiwa kiasi hicho, mashine inayozungumza kwa upole, inayokumbuka ununuzi wa awali na isiyochoka kubembeleza inahitaji uangalizi zaidi.

Ipo pia kesi ya Air Canada. Februari 2024, baraza la kusuluhisha mizozo katika jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua kwamba shirika hilo la ndege liliwajibika baada ya programu yake ya mazungumzo kumpa abiria aliyefiwa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya punguzo. Hoja kwamba programu hiyo ijibebee lawama yake ilitupiliwa mbali.

Nchini Kenya, mambo hayo si ya kutazamwa kwa mbali. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, Wakenya wamezoea kuweka nambari ya siri kabla ya pesa kutoka. Baadaye, huduma ya Hakikisha iliongeza hatua nyingine kwa kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusitisha. Hatua hiyo ya ziada haikuua biashara.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni kumpa mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa kabla ya mapatano kufungwa. Ile ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamkinga raia dhidi ya maamuzi mazito yanayofanywa na mashine pekee.

Utata utazuka pale mashine itakaponunua kwa niaba ya mtu. Aliyeiambia Januari imnunulie unga kila bei inaposhuka, je, ameridhia ununuzi wa Juni? Kwa familia inayopanga matumizi yake siku kwa siku, oda moja isiyokusudiwa ni nauli ya wiki nzima.

Wafanyabiashara watasema kila hatua ya ziada hupoteza wateja. Hoja hiyo ina mashiko, lakini mteja aliyenaswa mara moja harudi, na huwaonya majirani.

Tiba inajulikana. Bidhaa iliyolipiwa itajwe kuwa tangazo. Bei kamili, pamoja na usafirishaji, ionyeshwe kwa lugha anayoielewa mnunuzi kabla ya malipo. Mnunuzi aweke kiwango ambacho mashine haitakivuka, na kujiondoa kusiwe kugumu kuliko kujiunga.

Katika soko la Gikomba, mnunuzi huigeuza nguo, akaukagua mshono, akataja bei yake na, asiporidhika, akaenda zake. Wanaosanifu maduka ya akili unde hawana budi kumwachia uhuru huo huo.