Hadubini Si Mali ya Hospitali

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika mijadala ya tiba asili nchini Tanzania, ipo moja inayorudiwa na waganga, wasomi na hata madaktari wa hospitali, kila upande kwa sababu zake. Imani hiyo inashikilia kwamba elimu ya vijidudu, yaani viumbe wadogo wasioonekana kwa macho kama vile bakteria, virusi na kuvu, pamoja na elimu ya vimelea, yaani viumbe wanaoishi ndani ya mwili wa kiumbe mwingine na kujilisha humo, ni elimu ya kizungu isiyomhusu anayejifunza uganga. Mganga husema kuwa dawa zilirithiwa kwa wazee waliotibu bila hadubini. Mtetezi wa utamaduni huongeza kuwa tiba asili humtazama mtu mzima ilhali hadubini hutazama tone la damu. Naye daktari huona kuwa kumfundisha mganga masomo hayo ni kumvisha koti jeupe asilostahili. Watu hawa watatu hupingana katika mengi, lakini wote huishia mahali pamoja, nako ni kumwacha mwanafunzi wa tiba asili gizani. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake huonekana wazi zaidi Kyela kuliko katika kumbi za mikutano.

Kyela ni bonde tambarare lililoko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani, na ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo yanayostawisha mpunga na kakao ndiyo yanayostawisha pia mazalia ya mbu, ndiyo yanayofurika masika na kuchanganya vyoo na visima, na ndiyo yaliyokipa kipindupindu njia ya kurudi mara kwa mara. Malaria, minyoo ya tumbo na matende ni maradhi ya bonde hilo, na penye maji yaendayo kasi katika mito inayotoka milima ya Rungwe huzaliana inzi weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi, ambao huwasha ngozi na hatimaye hupofusha. Kwa hiyo mganga wa Ipinda, Ngonga au Matema hushughulika na vimelea kila anapopokea mgonjwa, ajue au asijue, na suala la kama elimu hiyo inamhusu limekwisha kuamuliwa na maji ya mahali anapofanyia kazi.

Mguu mmoja wa mgonjwa wa matende unatosha kuonyesha jambo lenyewe. Matende husababishwa na minyoo myembamba kama uzi iitwayo Wuchereria bancrofti, ambayo huletwa na mbu, hukaa kwa miaka katika mirija ya limfu, yaani mirija inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na kuiharibu polepole mpaka mguu unavimba au korodani zinajaa maji na kuwa mabusha. Watoto wa minyoo hiyo huingia katika damu iliyo karibu na ngozi wakati wa usiku, hasa karibu na saa sita, saa ambayo mbu wengi huuma, kisha mchana hujificha ndani ya mapafu. Ndiyo maana damu iliyotolewa asubuhi na kutazamwa kwa hadubini inaweza kuonekana safi ilhali mwenye damu hiyo ana minyoo. Jambo hili limejulikana tangu Patrick Manson alipolichunguza nchini China katika miaka ya 1870, na mwanafunzi wa tiba asili asiyelijua hana namna ya kumwambia mgonjwa kama dawa aliyompa imeua minyoo au haikuigusa.

Yako mengine katika mguu huo huo. Ndani ya mwili wa mnyoo wa matende huishi bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye mnyoo humtegemea kiasi kwamba bakteria huyo akiuawa kwa doksisaiklini, dawa ya kawaida ya kuua bakteria, mnyoo jike huwa tasa na baadaye hufa. Halafu yale mashambulio ya homa na maumivu makali yanayomlaza mgonjwa siku kadhaa, na ambayo ndiyo hasa humpeleka kwa mganga, mara nyingi hayatoki kwa mnyoo: hutoka kwa bakteria wa nje wanaopenya kupitia nyufa za ngozi, hususan katikati ya vidole. Mguu ukioshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, ukakaushwa vizuri na kuinuliwa wakati wa kupumzika, mashambulio hupungua sana. Mganga anayejua hayo huwa msaada mkubwa kijijini, kwa kuwa yeye hukaa karibu na mgonjwa na huaminiwa. Lakini mganga asiyejua, anayesaga majani kwa maji ya mtoni na kuyapaka juu ya ngozi iliyopasuka, humwingizia mgonjwa bakteria wale wale wanaomwangusha. Nia ya waganga hao wawili ni moja, na huenda hata jani wanalotumia ni moja.

Tena Kyela yenyewe imeupa ulimwengu sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa huko na watafiti wa Mbeya pamoja na wenzao wa Ujerumani, ambao uligundua kuwa watu wenye minyoo ya matende walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI kuliko wenzao wasio na minyoo hiyo. Wengi wa wenye minyoo hawana uvimbe wowote na hujiona wazima. Anayesema kwamba tiba asili humtazama mtu mzima hana budi kukubali kuwa mtu huyo ana pia kitu asichokiona yeye mwenyewe, na kwamba kumtazama bila kujua kilichomo ndani ya mirija yake ni kumtazama nusu.

Watetezi wa imani hii hupenda kuuliza: kama wazee hawakujua vijidudu, mbona waliponya? Swali hilo linastahili jibu la heshima, na jibu lenyewe limo katika tabia za vimelea. Homa ya malaria hupanda na kushuka kadiri vimelea vinavyopasua chembe nyekundu za damu na kuingia katika nyingine, na mtu mzima aliyekulia Kyela, ambaye mwili wake umekwisha kuzoea malaria, anaweza kupoa huku vimelea vikibaki katika damu yake. Shambulio la matende huisha lenyewe baada ya siku chache. Kuhara kwingi hukoma bila dawa yoyote. Dawa iliyonywewa siku moja kabla ya nafuu hiyo hupewa sifa yote. Mzizi fulani unaweza kweli kuwa na nguvu, na mwingine ukawa maji matupu, lakini kwa anayehesabu nafuu peke yake yote miwili itaonekana sawa, na kwa sababu hiyo elimu ya vimelea ndiyo inayoweza kuutetea mzizi wenye nguvu dhidi ya mzizi wa uongo. Waliokufa baada ya kunywa hawakurudi kutoa ushuhuda.

Kifafa ni mfano mchungu zaidi. Katika mikoa ya Mbeya na Songwe, ambako nguruwe wengi hufugwa na baadhi huachwa wazurure, tegu wa nguruwe amechunguzwa kwa muda mrefu. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye malengelenge ya mnyoo huyo hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake. Mtu mwingine, au yeye mwenyewe, akiyameza mayai hayo kwa maji, mboga au mikono michafu, viluwiluwi husafiri mpaka kwenye ubongo na kujifunika humo, na mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka huanza kuanguka kifafa. Familia humpeleka kwa mganga kutafuta aliyemroga. Ugomvi unaozuka baina ya majirani hudumu kuliko ugonjwa wenyewe, na wakati wote huo mwenye tegu anaendelea kusambaza mayai, pengine ndani ya nyumba hiyo hiyo. Somo la saa chache juu ya mzunguko wa maisha ya tegu lingeweza kumfanya mganga aulize kuhusu choo na nyama kabla ya kumtaja mtu.

Utengenezaji wa dawa nao ni kazi ya vijidudu mwanzo hadi mwisho. Katika hewa yenye unyevu kama ya Kyela mizizi huchelewa kukauka, na kisichokauka huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, sumu ya ini isiyoondolewa kwa kuchemsha, ile ile iliyoua watu mikoani Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Bakteria wa pepopunda, anayeishi katika udongo na samadi, hujifunga katika ganda gumu liitwalo spora na kustahimili hata maji yanayochemka, kwa hiyo kusugua unga wa mizizi iliyochimbwa ardhini ndani ya chale mbichi si jambo dogo, na wembe unaotumiwa kwa watu wawili unaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Hakuna hata moja kati ya haya linalomtaka mganga aache dawa zake. Wakulima wa kakao wa Kyela hawakuambiwa waache kakao. Huvundika mbegu kwa siku kadhaa ili vijidudu vifanye kazi yake, kisha huzianika na kuzichunga zisiote ukungu, kwa kuwa wanajua bei itashuka. Ujuzi wa kutawala vijidudu umo tayari katika nyua zao, na ni ajabu kudai kwamba ukihamia katika dawa utageuka kuwa wa kigeni.

Wanaohofia kwamba hadubini itaua tiba asili wangepaswa kumtazama Tu Youyou wa China. Alisomea famasia, kisha akasoma tiba ya jadi ya nchi yake, na alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4 akakuta maelekezo ya kuloweka mmea wa qinghao katika maji na kukamua, bila kuchemsha. Hapo alitambua kuwa huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, na mwaka 1971 dondoo lililotengenezwa bila joto kali lilisafisha vimelea vya malaria katika damu ya panya. Bila kitabu cha kale asingejua atafute wapi. Bila panya wenye vimelea na hadubini ya kuhesabia asingejua kwamba amepata. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Satoshi Ōmura na William Campbell, ambao ivermectin yao, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani, ndiyo kingatiba ya usubi iliyogawiwa katika vijiji vya mito ya Rungwe na Kyela. Vyuo vya tiba ya jadi vya China hufundisha elimu ya vijidudu na vimelea, na tiba hiyo haijafa.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na kuwa taasisi mwaka 1991, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba usajili uandamane na masomo. Daktari anayehofia koti jeupe ajue kuwa mganga aliyefundishwa dalili za malaria kali atamkimbiza mtoto mwenye degedege hospitalini mapema kuliko asiyefundishwa. Baraza liweke basi masomo haya mawili kuwa sharti kwa kila mwanafunzi wa tiba asili, yafundishwe Kyela kwenyewe, kwa Kiswahili, na wataalamu wa maabara walioko Mbeya, na somo la matende lifanywe usiku, hadubini ikiwa mezani na kila mwanafunzi akitazama tone la damu kwa jicho lake.