Moshi wa Kituoni



Usemi mmoja umeenea hapa Lubumbashi: eti mabasi makuukuu ndiyo yanayotuchafulia hewa, hivyo heri kila mtu ajitafutie gari lake. Nusu ya usemi huo ni kweli. Nusu ya pili ni majivuno.

Basi dogo likitoka mjini kwenda Katuba hubeba watu 20 kwa injini moja. Watu hao wakipanda kila mmoja gari lake, injini 20 zitaziba njia na kuteketeza esansi zikiwa zimesimama. Papa Fransisko alilikemea jambo hili mwaka 2015, katika namba ya 153 ya waraka Laudato Si': magari mengi, kila moja na mtu wake mmoja au wawili, huku wanaosafiri pamoja wakiteseka.

Ni kweli, injini iliyochoka hutapika masizi, na chembe zake ndogo hupenya hadi ndani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2021 kwamba chembe laini za namna hiyo zisizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Lakini dawa ya basi bovu ni basi zima! Mazutu safi, injini inayotunzwa, ukaguzi usionunuliwa: hayo ndiyo ya kudai kwa wakuu wa mji. Mbona tunanyamaza? Kwa sababu wengi wetu tunangoja siku ya kuondoka kituoni na kuwaacha wenzetu pale.

Atabaki mama anayeuza ndizi tangu alfajiri, mtoto mgongoni, hatua mbili kutoka bomba la moshi. Hana gari, naye hupumua moshi wa magari yote. Kiangazi humwongezea vumbi, na jioni humngoja moshi wa makala nyumbani.

Nasi parokiani? Arusi zetu hupimwa kwa urefu wa msafara. Nimeona magari yakinguruma nje ya kanisa Misa nzima, ili maarusi wakute ubaridi ndani. Aliyeshuka basi, tunamsalimu baadaye.

Kikundi chenu kikienda hija, kodini basi moja. Tazameni moshi wake kabla ya kulipa. Ukiwa mweusi, mwambieni mwenyewe kwa nini mnakwenda kwa mwingine.