Kicheko si Adui wa Hesabu

Hata hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, wapo wasomi waaminio kwamba hesabu na kicheko havikai nyumba moja. Katuni za televisheni huziita upuuzi. Hofu ya mwanafunzi huiita heshima kwa elimu. Rai hiyo naipinga, na ushahidi ninao.

Mwaka 1995 katuni ya vichekesho ya Marekani iitwayo The Simpsons ilionyesha, nyuma ya mhusika wake, mlinganyo huu: 1782 kwa kipeo cha 12, kujumlisha 1841 kwa kipeo cha 12, ni sawa na 1922 kwa kipeo cha 12. Kikokotoo kidogo husadiki. Lakini Pierre de Fermat wa Ufaransa alinena katika karne ya 17 kwamba, kwa namba kamili zisizo sifuri, usawa wa namna hiyo hauwezekani kwa kipeo chochote kizidicho 2. Na Andrew Wiles alichapisha uthibitisho mwaka ule ule wa 1995. Je, lazima tumwendee Wiles? Hasha! Shufwa ikizidishwa kwa nafsi yake hubaki shufwa. Witiri hubaki witiri. 1782 ni shufwa, 1841 ni witiri. Basi jumla ya vipeo vyao ni witiri. Kipeo cha 1922 ni shufwa. Uongo umefichuka, na Kiswahili kimetosha kuufichua.

Wapinzani watasema kwamba mtoto hufunzwa kwa amri, si kwa mzaha. Na wainue macho wautazame mlima. Serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuhifadhi udongo. Mwaka 1955 watu waliyakataa kwa ghasia. Vipimo vilikuwapo, ridhaa haikuwapo. Ikiwa amri haikuweza kuushika udongo, fimbo itaishikaje akili?

Nchini mwetu Ubongo Kids ilianza mwaka 2014 kufundisha hesabu kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Lakini mtoto aliyecheka huko huingia sekondari akaikuta hesabu imevaa Kiingereza na uso umekunjwa. Kisha twastaajabu anaposhindwa!

Enyi mtakaokuwa walimu, mpeni mwanafunzi uongo ule wa 1995 aufichue mwenyewe. Akicheka, msimkemee: kicheko hicho ni alama kwamba ameelewa.