Yuniti Kabla ya Bonasi

Safu ya Chelangat Bett

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alinijia nyumbani Litein, simu mkononi, uso umemshuka. Ameingia mwaka wa kwanza wa uzamili wa takwimu, na mfumo wa chuo chake ulikuwa ufungwe Jumatatu saa sita usiku. Tukaitazama orodha ya yuniti pamoja. Majina matupu, bila hata mstari mmoja wa kueleza kila yuniti inafundisha nini.

"Shangazi, nichukue zipi?"

Mimi si mwanatakwimu. Nikamuuliza ni jambo gani analotaka kulijua hadi linamnyima usingizi. Akanyamaza. Wiki tatu za usajili zilikuwa zimepita akihangaikia jambo moja tu, nalo ni karo.

Watu wa Kericho na Bomet wanaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Mwaka wa fedha wa viwanda vya chai vya KTDA huisha Juni 30. Bonasi hutangazwa baadaye, na huwafikia wakulima mwezi wa Oktoba hivi. Vyuo vingi hufungua Septemba. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye karo yake imo shambani kwa mamake, Kapkoros au Mogogosiek, hufika chuoni kabla ya pesa zake. Asipolipa kiasi kinachodaiwa, ukurasa wa yuniti haumfungukii. Wifi yangu, mamake kijana, alikopa kwenye chama, akauza na ndama. Mfumo ulipomkubali kijana, zilikuwa zimebaki siku mbili. Alikuwa tayari amewauliza waliomtangulia ni mwalimu yupi hatoi mtihani mgumu, na alikuwa karibu kubonyeza.

Hilo ndilo linaloniuma. Katika shahada ya kwanza njia nyingi umechongewa na wengine. Kwenye uzamili, ukiondoa zile za lazima kama nadharia ya uwezekano, zinabaki yuniti chache unazochagua mwenyewe, na humo ndimo tasnifu inamozaliwa. Uamuzi mzito namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu aliyechoka, mwenye siku mbili na bando la mia.

Kama ningekuwa na uwezo, kila mtoto wa kwetu anayesoma takwimu angesajili upangaji wa majaribio. Hadithi maarufu kuliko zote katika somo hilo ni ya chai. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, mtaalamu wa mwani aitwaye Muriel Bristol alisema kwamba akionja chai anajua kama kikombeni yalitangulia maziwa au chai. Ronald Fisher, mwanatakwimu wa kituo hicho, akaona hapo swali la kisayansi. Andaa vikombe 8, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, uvipange kwa bahati nasibu. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja tu katika 70 ya kuvipatia vyote. Fisher alilieleza jaribio hilo katika kitabu chake cha mwaka 1935, na dunia nzima bado inalifundisha.

Sasa lilete shambani. Mkulima anakuambia mbolea mpya imemwongezea majani. Lakini chai hupogolewa kila baada ya miaka michache, na mavuno ya mwaka wa kwanza baada ya kupogoa si sawa na ya mwaka wa tatu. Mvua ya mawe hupiga shamba hili ikaruka la jirani. Mchumaji mmoja huchuma majani mawili na chipukizi, mwingine hukwanyua chochote. Usipoligawa shamba vitalu, ukapiga kura kitalu kipi kipate mbolea ipi, utapima mvua ya mawe na kuiita mbolea. Taasisi ya utafiti wa chai imekuwa Kericho tangu 1951, na ile chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ilipatikana kwa subira ya namna hiyo, kitalu kwa kitalu.

Au lichukue swali la bonasi yenyewe. Mbona mara nyingi sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa hulipwa kidogo kwa kilo kuliko wenzetu wa Kirinyaga na Murang'a? Nimesikia majibu kwenye matanga na mikutano ya siasa: ubora wa majani, usimamizi, mnada wa Mombasa. Na ile bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo iliyowekwa mnadani Julai 2021, ilimfaa mkulima au ilijaza maghala? Anayetaka kulijibu hilo kwa haki anahitaji yuniti ya data za mfuatano wa wakati. Swali likishakuwepo, orodha ile haitishi tena.

Nawaomba wakuu wa vyuo vinavyowapokea watoto wa wakulima, popote vilipo: mwacheni mwanafunzi asajili yuniti sasa, alipe bonasi ikifika. Chini ya kila jina la yuniti andikeni maelezo. Mpeni wiki mbili za kukaa darasani kabla ya kuthibitisha, na mwalimu mmoja wa kuketi naye. Haya hayahitaji jengo jipya wala bajeti ya ziada.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka mpwa wangu kwenye kituo cha kununulia majani. Alisimama nyuma ya mamake kwenye foleni, akatazama karani akipima magunia na risiti zikitoka moja baada ya nyingine. Akauliza rekodi za kilo hizi zote, za kila mkulima, kila siku, miaka yote hii, huenda wapi baada ya kulipwa, na nani amewahi kuzichunguza. Karani akamwambia aende kiwandani akaulize.

Saa tatu usiku akasajili upangaji wa majaribio na mfuatano wa wakati. Ile yuniti ya mwalimu mpole akaiacha. Deni la chama lingali palepale, linangoja Oktoba.